ARZIHALI KWA LUGHA GANI? Kismayu, Wabajuni na madai ya fedha mbele ya serikali

Neno arzihali limo katika kamusi zetu, lakini mwanafunzi wa leo akikutana nalo huenda akadhani ni jina la mtu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuiweka hali yako mbele ya mkubwa ili aione: ulicho nacho, ulichokosa na unachotaka. Waturuki nao walilichukua, na katika miji ya dola yao walikuwako watu waliokaa nje ya ofisi kazi yao ikiwa ni kuwaandikia wengine arzihali kwa malipo. Mwambao wetu nao ulikuwa na waandishi wa namna hiyo, na si muda mrefu tangu walipoanza kutoweka nje ya posta na mahakama zetu.

Lengo letu katika makala haya ni kulifuata neno hilo hadi mahali ambapo mitaala yetu hupafika mara chache sana, yaani ule ukanda unaoanzia Kismayu na kushuka kusini hadi Ras Kamboni, pamoja na visiwa vyake vya Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Huko ndiko mwisho wa kaskazini wa Wabajuni. Swali letu ni dogo, ila jibu lake lina uzito: mkazi wa pwani hiyo, au mtumishi wa serikali aliyeajiriwa huko, alipokuwa na dai la fedha, aliliweka mbele ya serikali kwa lugha gani? Na lugha hiyo ilimsaidia au ilimponza?

Tuanze na jina la mji wenyewe. Wasomali huandika Kismaayo. Wabajuni husema Kisimayuu, yaani kisima cha juu, kwa kuwa yuu ni hiyo hiyo juu yetu sisi tuliozoea lahaja za kusini. Wako wanaolipinga elezo hili, nasi hatutaingia katika ugomvi wa majina ya miji, ambao katika mwambao huu hauna mwisho. Lililo wazi ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kismayu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na serikali ya Zanzibar katika bandari zake ilikuwa na mambo mawili makubwa: liwali na forodha.

Forodha ndiyo iliyokuwa na fedha. Sultani aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, maarufu zaidi wakiwa nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, nao wakamlipa kiasi kilichokubaliwa na kujikusanyia ushuru wenyewe. Hapa wanafunzi wa isimu watafurahi kujua jambo moja. Ushuru ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja katika kumi, lakini mkataba wa Sultani na Wamarekani wa mwaka 1833, na ule wa Waingereza wa mwaka 1839, iliweka kiwango cha asilimia 5 kwa bidhaa zao. Kwa hiyo Mmarekani alilipa nusu ya ushuru na bado ikaitwa ushuru. Mshahara nao una kisa chake: ni malipo ya mwezi, kutokana na neno la Kiarabu la mwezi, na askari au karani aliyekaa miezi mitatu bila kulipwa alikuwa na haki ya kuuliza kama hicho alichoahidiwa kilistahili bado kuitwa mshahara.

Barua za wakati huo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zile za Kiswahili zilikuwa na umbo ambalo walimu wa insha wangefaa kulifundisha upya. Mwandishi huanza kwa sifa na salamu za Kiarabu, humtaja anayeandikiwa kwa vyeo vyake, humtakia heri, kisha ndipo huja wa baadu, na baada yake Kiswahili: nakuarifu ya kuwa. Dai la fedha hukaa humo katikati, limezungushiwa adabu pande zote. Mtu hasemi nipe changu. Husema hali yangu waijua. Aliyezoea utaratibu huu husoma dai kwa uwazi kabisa, na asiyeuzoea huona salamu tu na kudhani mwandishi hana la maana.

Wakubwa wasiouzoea walikuja kwa haraka. Mwaka 1875 Wamisri walitua Kismayu wakiongozwa na Mwingereza McKillop Pasha, wakaondoka miezi michache baadaye kwa shinikizo la Uingereza. Mwaka 1889 Sultani aliikabidhi Kismayu na bandari za Benadir kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mapatano ya Waingereza na Waitalia ya Machi 1891 yaliufanya mto Juba kuwa mpaka, na Kismayu ikabaki upande wa Waingereza. Kampuni ilipofilisika, serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake tarehe 1 Julai 1895, huku Sultani akilipwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka kwa ajili ya milki yake ya bara. Mkazi wa Kismayu alikuwa raia wa Sultani aliyekodishwa kwa mfalme mwingine. Akiwa na lalamiko la ushuru, angeweza kwenda kwa liwali, ambaye angemwambia fedha si zake, au kwa afisa wa Kiingereza, ambaye angemtafutia mkalimani.

Jambo lililobadilisha kila kitu lilitokea mwaka 1925. Uingereza iliitoa Jubaland kwa Italia, kama sehemu ya malipo ya ahadi za vita vya kwanza vya dunia, na mpaka ukapita katikati ya Wabajuni. Waliokuwa Kiunga, Faza na Siyu walibaki Kenya. Waliokuwa Chula, Koyama na Kismayu wakawa wa Italia. Hakuna aliyewauliza, na kwa miongo mingi baadaye majahazi yaliendelea kupita kana kwamba mstari huo haupo. Lakini ofisi zilitambua mstari. Kusini mwake Kiswahili kilikuwa lugha ya bwana shauri, polisi, mahakama ndogo na shule za mwanzo. Kaskazini mwake lugha ya ofisi ikawa Kiitaliano.

Tutazame kwanza fedha zenyewe, maana mabadiliko yake yanaeleza mengi kuhusu uchungu wa madai. Mtu aliyezaliwa Kismayu mwanzoni mwa karne ya 20 alikua akihesabu kwa rupia. Mwaka 1920 Waingereza waliifuta rupia, wakaleta florini, kisha shilingi ya Afrika Mashariki. Thamani ya rupia iliwekwa kuwa shilingi mbili, na walowezi wa Kenya waliodai kwamba mishahara ya Waafrika sasa imepanda wakataka kuipunguza kwa theluthi moja. Hilo ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku kusimama Nairobi mwaka 1921. Baada ya hapo, kwa mtu wetu wa Kismayu, ikaja lira. Februari 1941 Waingereza walirudi na majeshi yao, na shilingi ikarudi nao. Mwaka 1950 ikaja somalo, iliyolingana na shilingi ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Baada ya uhuru, mwaka 1962, ikaja shilingi ya Somalia. Mtu huyo hakuhama nyumba, na bado alitakiwa kueleza deni lake kwa majina sita ya fedha. Kila mara fedha ilipobadilika, lilikuwapo swali la nani atabeba hasara: serikali iliyoajiri, au aliyeajiriwa?

Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha habari. Novemba 1949 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba Somalia iliyokuwa ya Italia itakuwa nchi ya udhamini kwa miaka 10, na Italia ikarudi Aprili 1950, safari hii ikiwa mdhamini na si mtawala wa kikoloni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 87, ulilipa Baraza la Udhamini uwezo wa kupokea arzihali kutoka kwa wakazi wa nchi hizo na kuzichunguza. Mkazi wa Kismayu aliyenyimwa haki yake na ofisi ya mji angeweza kuandika moja kwa moja New York. Angeweza pia kuusubiri ujumbe wa ukaguzi, ambao ulifika Somalia mwaka 1951, 1954 na 1957, na kuukabidhi karatasi yake mkononi.

Watu waliandika. Hati za arzihali za Somalia zinatambulika kwa alama ya T/PET.11, kama zile za Tanganyika zinavyotambulika kwa T/PET.2, na ni nyingi. Si zote za siasa. Ndani yake walikuwemo watumishi walioachishwa kazi, askari wa zamani wa jeshi la Italia waliodai malimbikizo ya mishahara yao, na wakazi waliolalamikia kodi na maamuzi ya wakuu wa wilaya. Ukitaka kujua siasa kubwa za Somalia ya miaka hiyo soma habari za Umoja wa Vijana wa Somalia. Ukitaka kujua mfuko wa mtu wa kawaida, hizo arzihali ndizo mahali pa kuanzia.

Na majibu? Baraza lilikuwa na Kamati ya kudumu ya Arzihali. Kamati iliipeleka kila arzihali kwa mtawala, mtawala akaandika maelezo yake, na mara nyingi sana Baraza lilimjibu mlalamikaji kwa kumwelekeza azingatie maelezo ya mtawala. Yaani uliyemshtaki ndiye aliyepewa kalamu ya mwisho. Wakati mwingine aliambiwa aende mahakama za huko huko. Tusilidharau hata hivyo. Maelezo yenyewe yaliandikwa, yakachapishwa na yakabaki, na afisa wa wilaya aliyejua kwamba atatakiwa kujieleza mbele ya wajumbe wa nchi nyingine alikuwa mwangalifu kuliko asiyejua. Kwa karani wa Kismayu aliyekatwa mshahara, hilo lilikuwa jambo ambalo karani wa Lamu hakuwa nalo hata kidogo. Lamu ilikuwa koloni na hifadhi. Arzihali ya Lamu iliishia kwa bwana shauri, kwa Gavana, au ikifika mbali sana, kwa Waziri wa Makoloni London.

Sasa linganisha milango miwili hii. Mbajuni wa Kismayu alikuwa na mlango mpana, lakini lugha za ofisi zilikuwa Kiitaliano na Kiarabu. Kisomali chenyewe, lugha ya walio wengi, hakikuwa na mwandiko rasmi hadi mwaka 1972, hivyo hata Msomali alilazimika kuandikiwa kwa lugha nyingine. Mbajuni wa Faza alikuwa na mlango mwembamba, lakini angeweza kuupitia kwa lugha yake, maana Kiswahili chake kilieleweka ofisini bila mtu wa kati. Mmoja alisikika mbali kwa sauti ya kuazima. Mwingine alisikika karibu tu, kwa sauti yake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba Umoja wa Mataifa ulikikataa Kiswahili. Zipo arzihali za Tanganyika zilizoandikwa kwa Kiswahili na kutafsiriwa. Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952, na dai lao la ardhi likajulikana duniani. Tofauti ni kwamba Tanganyika ilikuwa na makarani, magazeti na vyama vilivyofanya kazi kwa Kiswahili, hata arzihali ikatoka kijijini ikiwa imekwisha kupata maneno yake. Kisiwani Chula dai lilipaswa kuvuka mara mbili kabla ya kufika mezani: kutoka Kibajuni hadi lugha ya mwandishi, na kutoka kwa mwandishi hadi kwa afisa. Mwaka 1954 mabaraza ya miji yalichaguliwa katika manispaa 35, na Umoja wa Vijana ukapata viti 141 kati ya 281. Hatua hiyo iliileta serikali ya mji karibu na mkazi. Hata hivyo, katika Bunge la mwaka 1956 viti 10 kati ya 70 vilitengewa jamii ndogo, nazo zilikuwa Waitaliano, Waarabu, Wahindi na Wapakistani. Mbajuni hakuwa na jina katika hesabu hiyo.

Upande wa Kenya hadithi ya fedha na arzihali ina visa vyake, na kimoja ni cha ajabu kiasi kwamba wanafunzi hukicheka kwanza kabla ya kukielewa. Sheria ya kodi ya kichwa ya mwaka 1936 iliwatoza Waasia shilingi 30, na Waarabu na Wasomali shilingi 20. Wasomali wa ukoo wa Isaaq walioishi Kenya wakapinga. Walitaka kulipa 30. Waliandika arzihali kwa Serikali ya Kenya, kwa London, hata kwa Mfalme, wakawatumia mawakili, na wengine wakakataa kulipa kabisa ile 20 iliyokuwa nafuu. Kwao shilingi 10 za ziada zilikuwa bei ya daraja, maana katika koloni lililogawa watu kwa rangi, stakabadhi ya kodi ilikuwa hati inayosema wewe ni nani, unaweza kuishi wapi na hospitalini utalala kitanda gani. Serikali ilikataa fedha iliyokuwa ikiletewa. Sisi tunadhani hakuna mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba arzihali ya fedha si lazima iwe juu ya fedha.

Mombasa mambo yalikuwa ya mkate zaidi. Sheria ya ajira ya mwaka 1938 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au fedha ya kutosha ya kupanga. Waajiri wengi hawakutoa hiki wala kile, na miongoni mwao ilikuwamo serikali yenyewe. Mwishoni mwa Julai 1939 vibarua wa Idara ya Kazi za Umma waligoma wakidai posho ya nyumba. Mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wa manispaa waliosafisha mji, kwa kampuni ya umeme, na mwanzoni mwa Agosti bandarini. Tume ya Willan iliyoundwa baadaye ilikiri kwamba nyumba ndizo zilizokuwa tatizo. Kamati ya Phillips ikachunguza tena mwaka 1945. Kisha tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku 12, wakawa wanakutana uwanja wa Kiembeni, Chege Kibachia akiwa msemaji wao mashuhuri. Kabla ya mgomo huo barua zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na nyingi. Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa Kabarnet.

Kiembeni walikuwako watu wa bara na wa pwani, wa kabila nyingi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ni hapa tunapoona Kiswahili cha madai kikibadilika umbo. Wa baadu haimo tena. Nakuarifu imekuwa tunataka. Nafsi ya kwanza umoja imekuwa wingi. Mwalimu akitaka kufundisha tofauti kati ya kuomba na kudai, asitafute mbali. Katika darasa letu la mwaka wa pili tuliwahi kuwapa wanafunzi kazi ya kuiandikia manispaa juu ya ada ya soko iliyopandishwa, nusu yao kwa mtindo wa barua za zamani na nusu kwa mtindo wa mkutano wa hadhara. Waliotumia mtindo wa zamani waliandika kurasa mbili na dai lao likawa la mtu mmoja mwenye shida. Wa pili waliandika mistari minane na wakasahau kutaja ada yenyewe ni kiasi gani. Tulipowauliza afisa angeijibu ipi, walibishana hadi kipindi kikaisha.

Turudi Kismayu. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Siad Barre ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini, na watumishi wa umma wakapewa muda mfupi wa kujifunza. Tunaikubali kuwa ni mojawapo ya kazi kubwa za lugha zilizowahi kufanywa Afrika, na mwanafunzi yeyote wa upangaji lugha anapaswa kuijua. Maelfu ya wanafunzi na walimu walipelekwa mashambani mwaka 1974 kufundisha watu kusoma. Kwa Msomali wa kawaida, kwa mara ya kwanza, arzihali ingeweza kuandikwa kama alivyoisema. Kwa Mbajuni lugha ya ofisi ilikuwa imebadilika tena, nayo bado haikuwa yake. Serikali hiyo hiyo iliunda vyama vya ushirika vya uvuvi, na bei ya samaki ikawa jambo la kujadiliwa na ofisa badala ya mnunuzi ufukweni. Lahaja yenye msamiati mkubwa wa bahari, pepo na mishipi ikawa lugha ya kuvulia tu. Kuuzia na kulalamikia kulihitaji nyingine.

Baada ya mwaka 1991 hapakuwa tena na ofisi ya kuiandikia. Wabajuni wengi walifukuzwa visiwani na wanamgambo, wakakimbilia Kenya kwa mashua, na kambi ya Jomvu nje ya Mombasa ikawa kwao kwa miaka kadhaa. Waliofika Uingereza katika miaka ya 2000 walikuta jambo ambalo babu zao wasingeliamini. Kibajuni, ambacho ofisi za Kismayu hazikukitumia kwa lolote, kilikuwa sasa ndicho kinachosikilizwa kwa makini kuliko yote. Waombaji walirekodiwa, sauti zao zikachunguzwa na wataalamu ili ijulikane kama kweli wametoka visiwani au wametoka Kenya, na mtu aliyelelewa Mombasa akapoteza yuu yake alikuwa hatarini kuambiwa si Mbajuni. Kwa hiyo kazi ya wanaisimu kama Derek Nurse, aliyekusanya msamiati na sarufi ya Kibajuni kwa miaka mingi, ikawa na thamani nje ya maktaba.

Kismayu ilitoka mikononi mwa al-Shabaab mwaka 2012, na utawala wa Jubaland ukaundwa mwaka 2013. Mji una bandari, forodha na ushuru, kama ulivyokuwa chini ya liwali. Katiba ya muda ya Somalia ya Agosti 2012 inasema lugha rasmi ni Kisomali, yaani Maay na Maxaa-tiri, na Kiarabu ni lugha ya pili. Kiswahili hakikutajwa, wala Kibajuni, wala Chimwiini cha Barawa. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake, kifungu cha 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Mvuvi wa Koyama mwenye dai juu ya ushuru wa samaki wake sasa yumo katika Jumuiya inayoitambua lugha ya mama yake, na bado akitaka kuiwekea manispaa ya Kismayu hali yake kwa maandishi, katiba ya nchi yake inampa lugha mbili za kuchagua, na hiyo si mojawapo.